Kumsindikiza Mgeni hadi kwa Mama Njoki

Brenda, ambaye sasa ndiye anayekata nguo kwenye meza yangu, aliniuliza swali katika wiki yangu ya mwisho kazini na sikumjibu. Mama mmoja alikuwa ameingia kuulizia sweta. Niliweka mkasi chini, nikafunga vifungo vya shati, nikavuka barabara na yule mama hadi kwa Mama Njoki anayefuma sweta, kisha nikarudi polepole. Brenda akasema, "Mzee, si ungempatia tu namba ya simu? Na vile huo mguu unakusumbua." Mafundi wengine wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu mguu unanisumbua kweli.

Sasa niko nyumbani na nina muda, kwa hivyo namjibu kwa maandishi, yeye na nyinyi wengine mliobaki kwenye cherehani. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne tu, msitarajie maneno ya kupamba. Wala sitaeleza nilikuwa nalipwa nini, maana hakuna cha kueleza. Nitaeleza jinsi kazi ilivyokuwa, na jinsi nilivyoiharibu mahali pamoja.

Kabla ya kushona yunifomu nilikuwa kijana wa kiwanda cha nguo hapa mjini. Huko nilifundishwa kukata vitambaa vingi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hadi unene wa godoro, bila cha chini kutofautiana na cha juu. Kiwanda kilipofunga milango, msimamizi wetu alimruhusu kila mtu aondoke na kifaa alichokizoea. Wengine walichukua viti. Mimi nilichukua mkasi, ule mweusi mzito ulio mezani hadi leo. Brenda, usikate karatasi na huo mkasi. Nimekuona.

Nilizunguka mji kutafuta kazi hadi nikamkuta Mama Chelagat dukani kwake akipiga pasi marinda. Alikuwa bado kijana wakati huo, na biashara yake ilikuwa cherehani mbili na meza ya kukatia iliyochezacheza. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa kitambaa na vipimo vya msichana mmoja, akasema nikate sketi ya marinda. Nilipomaliza hakuiangalia ile sketi. Aliinama akaokota mabaki sakafuni, akayageuza mkononi.

"Mabaki yako ni madogo," akasema. "Ning'iniza koti lako pale."

Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yangu ya kuajiriwa.

Kabla ya saa ya chakula, siku hiyohiyo, mama mmoja aliingia akiulizia sweta ya shule. Sisi hatukuwa na mashine ya sweta. Nikamjibu kwa adabu, "Hakuna, mama." Akageuka akaenda zake. Mama Chelagat aliiacha pasi ikiwa wima, akatoka mbio na malapa yake hadi barabarani, na sikumwona tena kwa muda. Aliporudi alikuwa anahema.

"Nani alikufundisha hilo neno?"

"Neno gani, Mama?"

"Hakuna."

"Lakini sweta hakuna."

"Sweta ziko. Ziko kwa Mama Njoki, pale ng'ambo. Hapa ndio haziko. Mtu akiuliza kitu hatuna, hapa hatumwambii hakuna. Unatoka, unampeleka."

"Na duka nimwachie nani?"

"Kwani duka litaenda wapi?"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimeingia mahali penye sheria. Haikuandikwa popote, na walioifuata walikuwa wanawake wachache wenye maduka katika mtaa wetu. Mteja uliyemtembeza hadi kwa mwenzako aliitwa mgeni. Ulimfikisha mlangoni, ukamtaja jina, ukasema amekuja kutafuta nini. Mwenzako alimhudumia vizuri kuliko mtu aliyejiingilia mwenyewe, kwa sababu aibu ingekuwa yako. Na sehemu ya pili ya sheria hiyo ndiyo iliyonishinda mimi: ukiletewa mgeni, unamuuzia kile alichokuja kutafuta, basi. Akikumbuka kwamba anataka na kitu kingine ambacho aliyemleta anakiuza, humuuzii hata kama unacho. Unamrudisha.

Wenye kushika sana sheria hiyo walikuwa watatu. Mama Chelagat, mwajiri wangu, alishona sketi, mashati na kaptula. Mama Njoki, mtu wa kutoka Nyeri aliyehamia hapa na marehemu mumewe, alifuma sweta. Wa tatu alikuwa Mama Hodan, Msomali, aliyeuza vitambaa vya majora kwenye duka refu lenye giza ambalo ukiingia unanusa iliki kabla hujaona kitambaa. Chai ilipikwa huko nyuma ya duka lake, ya maziwa na tangawizi, na kila asubuhi Mama Chelagat alipitia kwa Mama Njoki, wakaenda pamoja kuinywa.

Mwanzoni niliona ni uvivu. Mimi nimeinamia meza tangu tufungue, yeye anazunguka na kikombe. Hata nilimwambia fundi mwenzangu kwamba tumeajiriwa na mtu wa umbea. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba pale ndipo kazi yetu ilipokuwa ikitafutwa. Shule gani imebadilisha rangi ya sketi. Mwalimu mkuu gani amehamishwa. Kitambaa cha kijani kimekwama mpakani, kwa hivyo usiahidi mtu kijani. Mtoto wa nani amelazwa, nani ampelekee uji leo na nani amsaidie dukani. Mara moja Mama Njoki aliungua mkono kwa maji ya moto, shule zikiwa karibu kufunguliwa, nami nikapelekwa kwake kukaa karibu wiki nzima nikiunganisha mikono ya sweta, ilhali kwetu kazi ilikuwa imefika dirishani. Nililalamika. Mama Chelagat akaniambia, "Na wewe ukiungua?"

Walikuwa na salamu yao. Mama Njoki alimsalimu Mama Chelagat kwa Kikalenjin, "Chamgei," na Mama Chelagat akamjibu kwa Kikuyu, "Wimwega." Kila mmoja alivunja lugha ya mwenzake vibaya sana, na Mama Hodan aliwaambia wote wawili kwamba hata kuku wangewakimbia. Lakini sikuwahi kuwasikia wakisalimiana kwa namna nyingine. Kumbukeni hilo.

Miaka hiyo ndiyo niliyojifunza mengi ambayo nyinyi mnayafanya leo bila kuuliza. Mtoto wa Ainabkoi anapimwa akiwa amevaa sweta ndani, kwa sababu huko baridi haivuliwi. Mtoto wa mkulima mwachie pindo refu, baba yake hatarudi hadi mahindi mengine yauzwe. Mzazi akisema binti yake ni mwembamba, mpime binti. Mama Chelagat aliyasema hayo mara moja tu, na ukikosea alikupa kitu kile ukifumue mbele ya wenzako. Nimefumua sana.

Kisha ukaja ule mwaka wa kura ambao sisi watu wa hapa hatupendi kuutaja, na sitautaja zaidi ya inavyohitajika. Watu wa kabila la Mama Njoki walifukuzwa, maduka yao yakavunjwa. Yeye alifika kambini na watoto wake na nguo walizovaa. Mama Chelagat alinijia nyumbani asubuhi, mimi Mbukusu ambaye sikuwa wa upande wowote, akasema, "Wekesa, twende tubebe." Tulizitoa zile mashine za sweta dukani kwa Mama Njoki kabla halijavunjwa, mchana, watu wakiona, tukaziingiza kwenye stoo yetu. Vijana wawili wenye rungu walimsimamisha mlangoni.

"Mama, hizi mashine ni za nani?"

"Ni zangu."

"Wewe unafuma sweta tangu lini?"

"Tangu leo. Unataka saizi gani?"

Mmoja alicheka, wakapita. Mimi nilikuwa bado nimeshika upande wangu wa mashine. Miezi yote ambayo Mama Njoki hakuwepo, Mama Chelagat alizitia mafuta zile mashine na kuzifunika shuka safi. Mama Njoki aliporudi, alifunua shuka, akapitisha uzi kwenye mashine ya kwanza, akafuma mistari michache papo hapo stoo. Halafu akasema, "Chamgei," na Mama Chelagat akageuka kuikunja ile shuka.

Nilikuwepo, niliona. Ndiyo maana sina la kujitetea kwa yanayofuata.

Ilikuwa miaka kadhaa baadaye. Mama Chelagat alikuwa Soy kumuuguza mama yake, nami nilikuwa nimeachiwa duka. Asubuhi hiyo Mama Njoki aliingia akiwa ameshika mkono wa mwanamke mmoja mrefu aliyevaa suti. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule mpya ya wasichana upande wa Ainabkoi, naye alitafuta mtu wa kuwavisha wanafunzi wake wote. Alikuwa amekwenda kwa Mama Njoki kuagiza sweta, na Mama Njoki akamleta kwetu kwa sketi na mashati.

"Mwalimu, huyu ni Wekesa," Mama Njoki alisema. "Mwenye duka yuko kwa mgonjwa, lakini usijali. Mkono wa huyu ndio mkono wa Mama Chelagat." Kisha akaniambia mimi, "Huyu ni mgeni wangu. Mshike vizuri, nimeacha mlango wazi." Akavuka kurudi kwake.

Tulikubaliana juu ya sketi, kitambaa na rangi. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa haraka, anaangalia saa kila mara. Akauliza, akiwa tayari amesimama, "Na sweta? Nyinyi hamwezi kufanya kila kitu hapa? Ningependa kushughulika na mtu mmoja tu."

Jibu nililijua. Nililijua tangu siku yangu ya kwanza. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na Mama Chelagat angeshika hata akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Lakini nilikuwa nimeachiwa duka, na niliona nikimpokea kwa habari ya oda nzima ya shule nzima atajua amemwachia mwanaume. Kulikuwa na mtu aliyeleta sweta za jumla mjini. Nikawaza, tutazinunua kwake, tuzishonee beji, nani atajua.

"Tunaweza, Mwalimu," nikasema. "Yote."

Tena nilijiambia jambo lingine, nalo naliandika kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimeandika nusu. Nilijiambia kwamba sisi tunamdai Mama Njoki kuliko yeye anavyotudai. Kwamba mtu aliyehifadhiwa mashine zake hawezi kununa kwa sababu ya sweta. Yaani nilichukua lile tendo jema la Mama Chelagat nikalitumia kama hela, na halikuwa langu.

Mama Chelagat alirudi mwisho wa wiki. Nilimvutia kiti. Nilimpa habari nikitabasamu.

"Sweta?" akasema. "Sweta zimeingiaje hapa?"

"Mwalimu mwenyewe alitaka mahali pamoja."

"Alikuja peke yake?"

Hapo ndipo tabasamu lilipoanza kuniponyoka. "Aliletwa na Mama Njoki."

Hakupaza sauti. Alivaa tena viatu alivyokuwa amevua, akavuka barabara, nami nikamfuata kama mtoto aliyevunja chungu. Tulimkuta Mama Njoki amekaa kati ya magunia ya uzi wa rangi ya damu ya mzee, yamepangwa hadi karibu na dari. Alikuwa ameununua siku ileile aliyomleta yule mwalimu, na alikuwa amewaita wasichana wawili zaidi wa kufuma. Mwalimu mkuu alikuwa tayari amempigia simu kumwambia asiendelee.

"Mama Njoki, nimerudi leo," Mama Chelagat alisema. "Sikujua."

"Mkono wako ulijua."

"Huyu nitamkanya. Kazi itarudi kwako, yote."

Mama Njoki akamgeukia. "Mama Chelagat, ule mwaka ulificha mashine zangu. Watu wangu wa nyumbani waliniambia, huyo mama hafanyi bure, siku moja atataka kitu. Mimi niliwabishia. Nimebishana nao miaka hii yote." Akauvuta uzi uliokuwa umeanguka sakafuni, akauzungusha kidoleni. "Sasa nimejua ni nini. Chukua. Tumemalizana."

"Njoki."

"Habari ya mgonjwa?" akauliza Mama Njoki, kwa Kiswahili safi kama anayeongea na mtu wa kodi.

"Anaendelea vizuri," Mama Chelagat akajibu, naye kwa Kiswahili. Tukarudi.

Kesho yake nilipanda hadi Ainabkoi. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba nilimdanganya, kwamba hatufumi sweta na mwenye kuzifuma ni yule aliyemleta kwetu. Hakufurahi, lakini alinisikiliza, na oda ikarudi kwa Mama Njoki. Sweta alizifuma, kwa sababu uzi ulikuwa umeshanunuliwa na wasichana wa shule hawawezi kukaa na baridi ya huko. Zilikuwa nzuri. Niliziona baadaye mjini, juu ya sketi nilizokata mimi, na mtu asiyejua angedhani zilitoka nyumba moja.

Lakini kitu chenyewe hakikurudi. Nilikwenda kumwomba Mama Njoki msamaha, nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alisema, "Wewe Wekesa sina neno nawe. Wewe ni mkono tu." Nimetukanwa mara nyingi maishani na nimeyasahau mengi. Hilo sijalisahau.

Nilingoja kufukuzwa. Siku zikapita, mwishowe nikamuuliza Mama Chelagat mwenyewe kama nibebe mkasi wangu.

"Nikikufukuza utaenda," alisema, "halafu mimi nitabaki hapa nikimtazama ng'ambo. Hapana. Utakaa. Na kila mtu atakayekuja kuuliza sweta, utampeleka wewe."

"Atanipokea?"

"Sijasema akupokee. Nimesema umpeleke."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya pili katika nyumba hii, Brenda, na niliifanya hadi siku uliyoniuliza. Niliwapeleka wa msimu na wasio wa msimu, jua na mvua. Nilifika mlangoni, nikasema, "Mama Njoki, nimekuletea mgeni," nikataja jina na anachotaka. Yeye alimwambia mgeni, "Karibu mama, ingia," akamvutia kiti. Mimi hakuniangalia. Nilirudi. Miaka ya mwanzo nilihisi mtaa mzima unanitazama. Baadaye nilizoea, na baadaye zaidi niliona kwamba kuzoea si jambo la kujivunia.

Yeye hakutuletea mtu. Mteja wake akiuliza sketi, alimwambia, "Mafundi ni wengi mjini, tembea utaona." Kulikuwa na misimu tuliyokaa na kazi kidogo kwa sababu hiyo, lakini Mama Chelagat hakuniruhusu kulisema. Asubuhi aliendelea kupita mlangoni kwa Mama Njoki. "Habari ya asubuhi?" "Nzuri." Basi.

Mama Hodan ndiye aliyeteseka katikati. Alipika chai mara mbili. Mama Chelagat alikunywa ya kwanza akaondoka, ndipo Mama Njoki akaenda kunywa ya pili. Nilipotumwa kuchukua kitambaa, Mama Hodan aliniita kwa lile neno lao la kumwita mwanaume, "Wariya! Njoo hapa. Unaona masufuria yangu? Mbili! Gesi unanilipia wewe?"

"Nisamehe, Mama Hodan."

"Mimi unaniomba ya nini? Mkasi wako huo hata hauangalii unakata nini." Kisha alinipimia kitambaa na kuzidisha kidogo, kama kawaida yake. "Waambie wale vichwa ngumu nataka kupika sufuria moja kabla sijafa."

Aliwaambia hata wenyewe. Kila mmoja alijibu kwamba yuko tayari, mwenzake ndiye hataki. Hivyo ndivyo mambo yanavyooza, na kila mtu ana sababu nzuri.

Mama Hodan alifariki ghafla, akazikwa siku hiyohiyo kama ilivyo desturi yao. Wanawake walikaa nyumbani kwake. Mama Chelagat aliniambia baadaye kwamba yeye na Mama Njoki walijikuta kwenye mkeka mmoja, katikati yao wamekaa shangazi wawili wa marehemu. Ikaletwa chai. "Ilikuwa ileile," alisema. "Binti yake amejua kuipika. Sikuweza kuimeza." Nilimuuliza kama Mama Njoki aliinywa. Akasema hakutazama upande huo.

Duka la vitambaa liliendelea na mwanawe, kijana mwema na mwaminifu, mnamjua. Ukitaka kitambaa unampigia simu kinaletwa kwa pikipiki. Chai haipikwi tena. Silaumu. Lakini kile nilichokiharibu kilikuwa na viti vitatu, na kimoja hakiwezi kujazwa tena na mtu yeyote, hata watu wakipatana kesho.

Baada ya hapo mgongo wa Mama Chelagat ulimshinda, akaenda kukaa shambani Soy na kumwachia binti yake duka. Binti ni hodari na nyinyi mnamwona. Yeye na wafanyabiashara wenzake wana kundi lao la simu na wanatumiana wateja humo, wakati mwingine kabla mteja hajamaliza kusema anachotaka. Wanasaidiana kweli, nimeona walivyochangia harusi na hospitali. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba simu haikuonyeshi uso wa mtu unayempelekea mgeni, wala yeye hauoni wako.

Sasa nifike mwisho, yaani wiki ile ya swali la Brenda.

Siku mbili baada ya swali hilo, nilikuwa nimeinama kwenye meza nikitafuta mstari wa chaki. Macho yangu siku hizi huupata kwa shida, na hiyo ndiyo sababu nimeacha kazi. Mlango ukaingia giza. Niliinua kichwa nikamwona Mama Njoki, amezeeka, fimbo mkono mmoja, na mkono mwingine amemshika mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Mafundi waliendelea kupiga cherehani. Hawakujua kwamba miguu ile haikuwa imekanyaga hapo tangu siku aliyomleta yule mwalimu.

"Mzee Wekesa."

"Mama Njoki."

"Huyu ni mgeni wangu. Anaitwa Mama Kevo. Ana wasichana wawili wanaotaka sketi." Akanitazama moja kwa moja. "Sweta ziko kwangu."

"Ziko kwako," nikasema.

"Nasikia unaenda nyumbani."

"Naenda. Macho yamekataa."

"Umetembea sana," akasema. Kisha akaigonga sakafu na fimbo, kama anayekagua kama ni ileile. "Ukiongea na Mama Chelagat, mwambie chamgei."

Akageuka akaenda, taratibu, pikipiki zikimpisha.

Vipimo vya wale wasichana niliviandika mimi mwenyewe, ingawa Brenda alitaka kunisaidia. Nilipomaliza, yule mama kijana alisema anajua njia, nisisumbuke. Nikavua tepu shingoni, nikavuka naye hadi ng'ambo, nikamkabidhi mlangoni kwa aliyemleta. Mama Njoki alinivutia kiti. Nilikaa kidogo.

Jioni nilipiga simu Soy. Mama Chelagat alichukua muda kushika, halafu nikasikia ng'ombe nyuma yake na sauti yake nzito. Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa.

"Ulimrudisha mgeni?" akauliza.

"Nilimrudisha."

"Hadi mlangoni?"

"Hadi ndani."

Nikasikia akimkemea ng'ombe.

"Mama? Kuna ujumbe mwingine. Alisema nikuambie chamgei."

Kisha akasema lile neno lake la Kikuyu, kwa matamshi yaleyale mabaya ambayo Mama Hodan aliyacheka.

"Mwambie wimwega."

"Nitampigia sasa hivi, namba yake nitaipata kwa binti yako."

"Wekesa."

"Naam, Mama."

"Nimesema umpigie?"

Kesho yake haikuwa siku yangu ya kazi tena. Niliamka, nikavaa koti, nikatembea.